Jicho la Chombo cha Kina Hamoudi

Dunda, Bagamoyo
26 Juni 2023

Kwa Mama Sabah,

Asalaam aleikum, na shikamoo Mama. Natumai barua hii inakukuta na afya, na kwamba sukari haijapanda kwa majonzi na kwa kutokula. Mimi ni mzima wa mwili. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu Issa wangu aondoke, na kwako ni ya kumi na moja tangu Mzee Hamoudi. Naandika kwa sababu simu yako inaita mpaka inakatika, na sote wawili tumo ndani ya eda. Mimi siwezi kuja Vigwaza wala wewe huwezi kuja Dunda. Adija, yule anayepeleka samaki wakavu wa ng'onda Chalinze kila Jumatano, amekubali kuipitisha dukani kwenu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mzee Hamoudi nilimjua tangu siku niliyoolewa. Alinipa zawadi ya birika la kahawa lenye tundu, akasema mbele ya watu kwamba mke wa mwizi anywe kahawa nusu. Issa alilipeleka kutiwa lehemu na mpaka leo ndilo tunalotumia. Siku za karibuni nikilishika nalirudisha rafuni bila kuchemsha kitu.

Yaliyompata mwanao Muataz yameniuma, Mama. Shuaibu, mdogo wake Issa, amekulia Dar kwa mjomba wake na hakuyajua ya kwetu. Sasa nimemkalisha nikamweleza yote. Kwamba lile jicho la mti juu ya mlango wetu, duara kubwa kama kifuniko cha sufuria ya wali, lenye mwezi na nyota vilivyochongwa katikati, lilikuwa moja ya macho mawili yaliyopamba mbele ya jahazi, chombo cha babu zenu. Kwamba Kitwana, babu wa babu yake, na watu wa Dunda walipigana na babu zenu baharini kwa ajili ya chumvi ya Saadani, wakashinda, wakaling'oa jicho la upande mmoja liwe alama ya ushindi, na chombo chenu kikarudi na la pili tu. Kwamba tangu vita vile viishe sisi na ninyi ni watani. Mnatuita wezi, tunawaita vipofu, na msiba ukiingia kwetu mna haki ya kuchukua chochote ndani ya nyumba, nasi tuje kukikomboa kwa jogoo na kahawa kabla ya siku ya saba.

Shuaibu alinisikiliza huku akitazama simu. Akasema, "Shemeji, hayo ni ya zamani. Mtu kaingia kwenye msiba kaondoka na kitu cha marehemu, huyo anaitwaje?" Polisi nao walifanya haraka.

Namwombea Mzee Hamoudi kila baada ya swala. Nisalimie Muataz, kama salamu zangu anazipokea.

Mwanao,
Arafa


Vigwaza
9 Julai 2023

Arafa,

Wa aleikum salaam. Marahaba. Sukari yangu iko inavyokuwa.

Pole kwa Issa. Sikuja kwenye msiba kwa sababu nilikuwa namgeuza mgonjwa. Nilimtuma Muataz, nikamwambia, "Nenda ukawatie uhai wale wezi, wasife wote."

Hamoudi alikufa alfajiri ya Alhamisi. Kabla ya hapo, siku tatu mfululizo alikuwa akimwita Muataz. Tulimwambia yuko Chalinze anapakia unga. Siku ya nne hakuuliza tena, nadhani alishajua kuwa tunamdanganya. Alizikwa Alasiri ile ile, na mwanangu alitoka mahabusu Jumamosi, kwa sababu mdhamini wake alikosa barua ya serikali ya mtaa, na alipoipata hakimu alikuwa safarini. Siku tisa kwa ajili ya kipande cha mti.

Aliyemwosha Hamoudi ni fundi pancha wa hapa barabarani. Mtu mwema, Mungu amlipe. Lakini nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nilimsikia akiwauliza wenzake, "Hiki kidonda cha mgongoni amekuwa nacho tangu lini? Nikimwagia maji hapa ni sawa?" Hakuna aliyejua kumjibu. Muataz angejua. Miezi saba ni yeye aliyekifunga.

Umeandika kwamba polisi walifanya haraka. Muataz anasema walimsomea maelezo ya watu wawili. Moja ni la Shuaibu. La pili ni la mtu aliyekuwa ndani ya nyumba, na hilo ndilo lililomfunga. Nakuuliza swali moja, nawe nipe jibu moja. Nani alisema kuwa mwanangu hakuruhusiwa?

Sabah,
mama yake Muataz


Dunda
2 Agosti 2023

Kwa Mama Sabah,

Asalaam aleikum. Shikamoo Mama. Natumai mwili una nafuu.

Barua yako Adija aliniletea tarehe kumi na mbili Julai. Wiki tatu nimekuwa nikianza kujibu na kuchana. Jibu ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, si ili nipunguziwe lawama, ila kwa kuwa umeniuliza.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wanawake walikuwa wamejaa chumbani kwangu. Mimi nilikuwa pembeni, nimefunikwa, sijatamka neno tangu maiti itoke. Muataz akaja akasimama nje ya dirisha. Akapiga kelele, "Wezi mpo?" Mama zetu wakamjibu, "Tupo, kipofu, pita usijikwae!" Akasema, "Sipiti. Nimekuja kuwapa pole majirani. Miaka ishirini na sita wamekesha kwa mikoromo ya Issa, leo mnawaonea huruma nani?" Halafu akaukoroma mkoromo wenyewe, Mama. Ule ule wa Issa, wenye kukatika katikati na kurudi kwa mluzi. Sijui aliujulia wapi.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mpaka kanga ikaniteleza kichwani. Wanawake wengine walicheka, lakini wengine walinigeukia. Mmoja akamwambia mwenzake, nami nikasikia, "Mjane mwepesi huyu." Mume wangu alikuwa na siku mbili kaburini.

Nikiwa bado nimeziba uso, nikamsikia Muataz barazani akisema, "Mlinzi amelala, naondoka na mali ya babu yangu." Watu wakapiga vigelegele. Nilijua anachochukua na kwa haki gani. Nilijua pia kwamba kazi yangu ni kumwambia Shuaibu atafute jogoo.

Shuaibu alifika jioni ile, watu wameshaondoka. Kesho yake akauliza, "Jicho la mlangoni liko wapi?" Nikamjibu, "Muataz kalichukua." Sikuongeza lingine. Ningeongeza neno moja tu, kwamba ni mtani, asingekwenda popote. Akaja na askari. Askari alikaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia, naye aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, pole sana. Huyu kijana ulimpa ruhusa achukue?" Nikasema, "Sikumpa."

Sikusema uongo. Hilo ndilo nililokuwa nikijiambia usiku na mchana. Mzee Mikdad, jirani yetu, alikwenda kituoni kueleza habari za utani, akaambiwa mwenye nyumba ameshasema, mengine yatasikilizwa mahakamani. Alirudi akaniomba nitume neno. Nikamwambia nina maumivu ya kichwa.

Nilikuwa na hasira na Muataz, Mama, kwa sababu alinichekesha. Nilitaka awepo mtu wa kubeba aibu ile badala yangu. Sikujua kama Mzee Hamoudi yuko mwishoni. Lakini nisingejua hata kama ungetuma habari, kwa sababu siku zile nilikuwa sipokei habari za kwenu.

Mwanao,
Arafa


Dunda
21 Agosti 2023

Kwa Mama Sabah,

Asalaam aleikum na shikamoo. Natumai u mzima.

Adija ananiambia barua yangu uliipokea, ukaisoma umekaa kwenye gunia, ukaiweka chini ya mizani. Sikudai jibu. Naandika kwa sababu kesi ya Muataz imepangwa tarehe tano Septemba.

Nimemwomba Shuaibu aifute. Amekataa. Anasema akiifuta ataonekana alimsingizia mtu. Nikamwambia basi nitakwenda mwenyewe kusema ukweli. Akaniambia mjane hatoki eda, na kwamba nikienda kumwaibisha mbele ya watu nijue nyumba hii ni ya ukoo wao. Ni kweli. Issa na mimi hatukujaliwa mtoto, na fungu langu la nyumba halinitoshi hata kizingiti.

Nimemuuliza mke wa mwalimu wa madrasa. Anasema mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja ya lazima na kurudi kulala kwake. Kwa hiyo sheria hainizuii. Ninaogopa tu. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kusimama mahali nikaulizwa kitu na watu wakasikiliza.

Mama, ukiniambia niende, nitakwenda.

Mwanao,
Arafa


Vigwaza
27 Agosti 2023

Arafa,

Salaam. Siku ile uliposema na askari hukuniuliza. Usiniulize leo.

Muataz hatanii tena. Madereva wanaosimama hapa wanamchokoza kama zamani, wanamwita Chongo, naye anawajibu "ndiyo, bwana" na kuwapimia sukari. Hilo nalo nimeona ulijue.

Sabah


Dunda
7 Septemba 2023

Kwa Mama Sabah,

Asalaam aleikum. Shikamoo Mama. Natumai mmeamka salama.

Muataz atakuwa amekueleza, lakini sijui kama anakueleza kitu siku hizi, kwa hiyo na mimi naandika.

Nilikwenda. Nilivaa nguo zangu za eda, bila wanja wala mafuta, na dada yangu Rukaya alikuja kutoka Zinga kunisindikiza. Shuaibu aliponiona kwenye benchi aligeuka akatazama ukuta. Jicho lilikuwa mezani kwa karani, limefungwa kikaratasi chenye namba. Chokaa yake imebanduka upande mmoja.

Hakimu ni mwanamke, wa rika langu. Akaniuliza, "Shahidi, mshtakiwa alikuomba ruhusa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulimpa?"

"Hapana. Mtani haombi. Akiomba huyo amekuwa mgeni."

Watu nyuma wakacheka, akawanyamazisha. Akasema, "Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo kwamba si wizi?"

"Nilijua."

"Na askari alipokuja kukuuliza, kwa nini hukumweleza?"

Nilishika ubao wa kizimba, nikasikia Rukaya akinisomea dua kwa nyuma. Mwisho nikasema, "Nilikuwa na hasira naye. Alinichekesha msibani."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Alikufanya nini?"

"Alinichekesha, mheshimiwa. Nami sikutaka kucheka."

Hakunikemea. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha mwendesha mashtaka akasimama akaomba shauri liondolewe, likaondolewa. Muataz alipotoka alipita karibu yangu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya kanzu yake. Hakunitazama. Amekonda, Mama. Nilitaka kumwambia ale.

Shuaibu alilisainia jicho, akalileta mpaka nyumbani, akalitupa juu ya meza ya kulia. "Haya, shemeji. Kaa nalo wewe na watani wako. Eda ikiisha utafute pa kwenda." Sikumlaumu. Na yeye amefiwa na kaka, na hakuna aliyemwambia ukweli mapema.

Nimelifunga jicho kwa kanga mpya na kumpa Adija akuletee. Lile jingine najua liko kwenu, juu ya rafu ya unga. Yawe mawili tena. Sina kingine chenye uzito sawa na nilichowanyang'anya, na hiki nacho hakina.

Mwanao,
Arafa


Vigwaza
24 Septemba 2023

Kwa Arafa,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Nashukuru ni mzima. Miguu inavimba kidogo.

Jicho lako hilo, Adija anarudi nalo. Kanga nimeichukua, ni nzuri.

Ninyi wezi hata kurudisha hamjui. Lile lilitoka kwetu kwa vita. Haliwezi kurudi kwetu kwa kilio, limefungwa kama sadaka. Siku watu wangu wakilitaka watakuja kulichukua wenyewe, wakicheka, nanyi mtawafuata na jogoo. Ukitupatia hivi hivi unatuambia yameisha, kwamba hatuna tena la kudaiana wala la kuitana. Mimi sijakuambia yameisha.

Nikwambie nililo nalo moyoni. Kwa mwanangu kukaa ndani siku tisa, mimi yangu nimekusamehe. Nimekuwa mjane na mimi, nakijua kichwa cha siku ya tatu. Hapa kwetu siku ya tatu nilimfukuza mpwa wangu kwa kuacha mlango wazi, na mlango niliufungua mimi. Na kwa kusimama kizimbani nakushukuru, ingawa ulipaswa.

Lakini maiti ya Hamoudi kuoshwa na mtu asiyekijua kidonda chake, hilo si langu kulisamehe. Ni la Muataz. Nimempa barua yako ya Agosti, ile ndefu. Aliisoma yote amesimama hapo kwenye mizani, mteja akisubiri. Alipomaliza akaikunja, akampimia mteja, akatoka nje.

Unakwenda wapi eda ikiisha? Niandikie.

Mama yako,
Sabah


Zinga
15 Oktoba 2023

Kwa Mama Sabah,

Asalaam aleikum. Shikamoo Mama. Natumai miguu imepungua kuvimba, na kwamba unaiinua ukikaa. Zimebaki siku chache na wewe utoke. Mungu azifanye nyepesi.

Mimi nimetoka eda Jumatatu. Rukaya alinichemshia maji, akanivisha gauni la rangi, nikalia kwa sababu ya rangi. Kesho yake tulihama na masanduku mawili na lile birika. Naishi kwake sasa, chumba cha nyuma, karibu na banda la kuku. Jicho ninalo. Sijalitundika. Nyumba hii si ya Kitwana na mlango wake haukushinda vita vyovyote.

Ijumaa baada ya swala Muataz alikuja. Nadhani Adija ndiye aliyemwelekeza. Alileta kiroba cha unga, akakiweka kizingitini, akasema, "Asalaam aleikum wenyewe." Rukaya akamtandikia mkeka. Akaniamkia, "Shikamoo, Mama." Miaka yote niliyomjua hajawahi kuniamkia. Nikaitika marahaba, na sauti yangu sikuitambua.

Alikunywa maji. Aliuliza hali ya kuku. Halafu akasema, "Mama Arafa, nimesoma barua uliyomwandikia mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu?"

"Nilikuchekesha ukiwa huna nguvu ya kukataa. Mimi nilidhani nakupunguzia. Kumbe nilikuongezea. Unisamehe."

Nilianza kusema kwamba si yeye, ni mimi. Akainua mkono, taratibu, kama mtu anayezuia mlango usigonge. "Hilo la baba sijafika huko, Mama. Nikifika nitakuja nikwambie. Leo nimeleta langu."

Akasubiri. Alikuwa anasubiri kweli, macho yake kwenye mkeka. Basi nikasema, "Nimekusamehe." Sijawahi kutamka neno lililonitia aibu kama lile. Mtu niliyemnyima kumzika baba yake amekaa mbele yangu, na mimi ndiye ninayetoa msamaha.

Alishukuru. Akaaga vizuri, akamuaga na Rukaya, akapanda bodaboda. Rukaya alisema, "Kijana ana adabu huyu." Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Mama, sikuombi umharakishe. Achukue muda wake, hata kama ni miaka, hata kama asifike. Sikuombi pia uniambie anavyoendelea, isipokuwa ukipenda. Nitakuwa hapa Zinga, na Adija anapajua.

Ukinyanyua mikono kumwombea Mzee Hamoudi, naomba unikumbuke na mimi.

Mwanao,
Arafa